Kuteleza na kuserereka

Watangazaji wetu huuita mchezo wa "ice skating" "kuteleza kwenye barafu". Tunawaelewa, lakini neno halinitoshi. Kwa Kiswahili anayeteleza hakukusudia: mguu umemponyoka matopeni, au ulimi umemponyoka mbele za watu. Ndipo tunampoza kwamba kuteleza si kuanguka.

Sasa mtazame mtu mzima anayejifunza dansi ya barafuni. Chuma kilicho chini ya kiatu chake kina mfereji mwembamba katikati, hivyo kina makali mawili, ya ndani na ya nje. Hukunja goti, akayalalia makali ya nje, mwili mzima ukainamia ndani ya duara, na nyuma yake likabaki tao jembamba barafuni. Dutch Waltz, dansi ambayo wengi huanzia, ni matao kama hayo, yote ya kwenda mbele. Haina kuruka wala kujizungusha hewani, jambo linalowafaa walioanza ukubwani. Nao wana mashindano yao ya kimataifa huko Oberstdorf, Ujerumani, kwa waliotimiza miaka 28.

Hapo hakuna bahati mbaya hata kidogo. Kila tao limepimwa na kufanyiwa mazoezi. Kwa hiyo mimi nachagua kuserereka. Watoto huserereka mteremkoni kwa hiari yao, na wakifika chini hupanda tena. Neno hilo lina mwendo, na lina nia.

Wahariri wa michezo, lijaribuni kwenye Olimpiki ijayo ya majira ya baridi.