Haki ya Kurudisha Kitu Dukani

Ukinunua kitu katika magazini nyingi za Bunia, utapewa kikaratasi cha malipo. Chini yake mna maneno ya Kifaransa, ambayo maana yake ni hii: mali iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Wengi wakiyasoma hunung'unika, wakisema, "Wafanyabiashara hawa hawana huruma." Sisi nasi tulisema hivyo kwa muda mrefu. Basi leo na tutazame haki ya kurudisha kitu ilitoka wapi, na ni nani wanaoiharibu.

Hapo kale katika mji wa Roma palikuwa na mahakimu waliosimamia masoko. Siku zile watu waliuza wanyama, na hata binadamu wenzao, jambo la kusikitisha. Wauzaji walikuwa na hila nyingi: walificha ugonjwa, wakasifu afya isiyokuwapo. Kwa hiyo mahakimu wakatoa amri kwamba muuzaji aseme wazi kasoro ya kile anachouza. Akinyamaza, mnunuzi alipewa miezi 6 ya kukirudisha na kudai fedha zake.

Lakini amri ile ilikuwa na upande wa pili, nao watu hupenda kuusahau. Mnunuzi naye alifungwa. Kama kitu kiliharibika mikononi mwake kwa kosa lake, alipaswa kulipa hasara ile. Na faida yoyote aliyoipata kwacho alipaswa kuitoa. Maana yake, hakuruhusiwa kutumia kwanza, halafu kurudisha kana kwamba hakutumia. Haki ile iliwekwa kumlinda aliyedanganywa. Haikuwekwa kumpa silaha mdanganyifu mwingine.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilifundisha jambo hili kwa mfano ambao sisi watu wa Ituri twauelewa upesi, kwa maana dhahabu imechimbwa kwetu Kilo tangu mwanzo wa karne ya 20. Asema kwamba mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba ya manjano, na mnunuzi akijua kweli yake akanyamaza, mnunuzi huyo amenunua bila haki, naye amefungwa kurudisha. Waona? Twazoea kufikiri kwamba mwizi sokoni ni muuzaji tu. Kumbe mnunuzi naye aweza kuiba, tena kwa kunyamaza tu.

Sasa tuje karibu na nyakati zetu. Mwaka 1912, katika jimbo la Maine huko Marekani, mtu mmoja jina lake Leon Leonwood Bean aliuza jozi 100 za viatu vya kuvaa porini. Jozi 90 zikarudi, kwa sababu mshono ulikatika. Yeye akawarudishia watu fedha zao, akatengeneza viatu vilivyo bora. Biashara yake ikakua kwa sababu watu walimwamini. Kwa miaka mingi duka lile lilipokea kitu chochote kilichorudishwa, hata kikiwa cha zamani. Lakini mwaka 2018 wenye duka wakaweka mpaka wa mwaka 1 na kutaka uthibitisho wa kununua. Kwa nini? Kwa kuwa wengine walikuwa wakileta vitu vilivyochakaa kwa kuvaliwa miaka mingi, au vitu walivyonunua kwa bei ndogo kwa watu wengine, wapate fedha au vipya. Basi aliye mwaminifu naye akapungukiwa na haki yake kwa kosa la wasio waaminifu.

Hapa hatuna budi kusema habari yetu wenyewe. Tulinunua taa ya jua katika soko la Bunia, kwa mama mmoja mwenye meza ndogo. Siku ya tatu ikatuponyoka mikononi, ikaanguka juu ya saruji, isiwake tena. Tukairudisha tukisema, "Mama, taa hii ni mbaya." Hakuuliza neno. Alisema tu, "Mwalimu, wewe hauwezi kunidanganya," akatupa nyingine. Jioni ile nyumba yetu iliangaza, lakini moyo ulikuwa gizani. Mali yake hutoka Uganda kwa njia ya Mahagi, na huko hakuna wa kumrudishia taa iliyovunjika. Hasara yote ilikuwa juu ya chakula cha watoto wake. Baada ya juma moja tulirudi, tukaungama kwake, tukalipa. Alizipokea fedha, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, mwingine akija na taa mbaya kweli, nitamwamini namna gani?"

Swali hilo hatukuweza kulijibu, nalo ndilo jibu la kikaratasi kile cha magazini.

Hatusemi kwamba kikaratasi humwondolea muuzaji deni lake. Sheria ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo Kongo yaitumia hata leo, humtaka muuzaji ajibu kwa ajili ya kasoro iliyofichika. Anayejua kwamba simu ni mbovu, akaiuza, kisha akajificha nyuma ya maandishi yake, ni mkosaji. Aliyeuziwa kitu kibovu arudi bila haya, adai haki yake.

Bali aliyevaa kikwembe kwenye arusi siku ya Jumamosi, akakikunja vizuri na kukirudisha Jumatatu, huyo amekula mali ya mwenzake. Na zaidi ya fedha, ameiba imani ambayo mnunuzi ajaye alikuwa aikute mezani. Fedha tuliweza kumlipa mama yule. Imani yake bado twamdai Mungu atusaidie kuirudisha.