Sauti ya Bibi kwenye kanda



Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniuliza: "Bibi, si ulisema WhatsApp ni kiwanda cha kusengenya? Mbona sasa simu huiachi?" Nilicheka, lakini jibu lake linaanzia mbali, Maskati, mwaka 1975.

Nilikuwa na miaka saba tulipohamia huko. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi za Unguja zenye asili ya Oman zilitawanyika. Julai 1970 Sultan Qaboos alishika madaraka, akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Oman wakati ule ilikuwa na skuli tatu tu, zote za wavulana, kwa hiyo waliosoma Zanzibar walihitajika sana maskulini, mahospitalini na maofisini. Baba alitangulia, nasi tukamfuata. Bibi akabaki Unguja.

Tulikaa Matrah, karibu na soko. Nje watoto walinicheka kwa Kiarabu changu cha kuparaza. Ndani tulisema Kiswahili, tukala wali wa nazi na samaki, na mama akaficha karafuu chache kabatini ili anuse kwao.

Simu ilikuwa ghali, na barua ilichukua wiki nyingi. Kilichotuunganisha ni kaseti, zile kanda ndogo ambazo Philips waliziingiza sokoni mwaka 1963. Bibi hakujua kuandika barua, lakini kusema alijua! Akipatikana msafiri, hutia kanda mkobani mwake. Sisi tukikaa chini, tukizunguka redio kaseti, tunamsikia anasalimia mmoja mmoja kwa jina, jogoo anawika nyuma yake, na muadhini anaadhini. Akimaliza hutuombea dua, na mama hulia.

Kisha tulifanya jambo ambalo nalijutia mpaka leo. Kanda zilikuwa chache, kwa hiyo tulirekodi salamu zetu juu ya sauti yake, tukairudisha kanda ile ile. Naye akafanya hivyo hivyo. Bibi alipofariki mwaka 1983 tulitafuta nyumba nzima. Kanda iliyobaki ilikuwa na sauti zetu wenyewe tu, tunamwimbia na kugombana nani aseme kwanza. Ya kwake hata neno moja halikuwepo.

Nimerudi Unguja miaka mingi sasa, na mama yangu yuko Maskati kwa mdogo wangu. Kwa muda mrefu nilikataa kuingia kundi la familia. Niliona uvumi, picha za watu zisizo na ruhusa, na maneno yasiyokwisha. Mdogo wangu hakubishana nami. Alinirushia ujumbe wa sauti wa mama: "Mwanangu, umekula? Hujambo na magoti?" Nyuma yake mtu anaadhini. Nilikaa kitako, nikausikiliza mara tano.

Hapo nilimkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 anasimulia kuwa alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu mwanamke kuandika kulionekana aibu. Alipokuja kuishi Ujerumani, kalamu ile ile ndiyo iliyomwezesha kuwaeleza wengine kwao. Hofu ya wakubwa wake kuhusu kalamu haikuwa mbali na hofu yangu kuhusu simu.

Sisemi hatari hazipo. Surat Al-Hujurat inatuamrisha tuhakikishe khabari kabla ya kuziamini, na inatukataza kusengenyana. Amri hizo zinatuhusu hata tunapoandika kwa kidole gumba. Lakini kuunga udugu nako tumeamrishwa, na mie kwa kuogopa dhambi ya ulimi nilikuwa nimeacha wajibu wa moyo.

Sasa kila Ijumaa mama hunirushia dua, na kila ujumbe nauhifadhi mahali pawili. Nimemuomba pia asimulie alivyoolewa, alivyosafiri, na alivyopika halua.

Dada yangu, mama yako akiwa hai, mrekodi wiki hii. Muulize kitu kimoja tu, kisha mwache aseme. Na usirekodi kitu kingine juu yake.