KUULIZA NJIA: MAARIFA YA KUPANDA MILIMA KATIKA NYANDA ZA JUU ZA NGORONGORO

Utangulizi

Wahenga wetu walisema kuwa kuuliza si ujinga. Usemi huu hufundishwa sana madarasani, lakini ni nadra kuelezwa kwa mifano ya historia yetu wenyewe. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba desturi ya kuichunguza njia kabla ya kupanda mlima haikuletwa na wageni waliokuja na ramani na viatu vizito. Ni sehemu ya utamaduni wa Taifa letu, na watu wa Karatu na Ngorongoro wameihifadhi kwa vizazi vingi. Twakusudia vilevile kumkumbusha mwalimu na mwanafunzi kwamba desturi hiyo huokoa maisha hata leo.

Nchi yenyewe

Msafiri atokaye Mto wa Mbu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kisha akafika Karatu, mji ulio katika kimo cha mita 1,500 hivi. Mbele yake husimama msitu, na juu ya msitu huo ndipo ulipo ukingo wa kasoko ya Ngorongoro, au kreta kama wengi waiitavyo, katika kimo kipitacho mita 2,200. Kuta za kasoko hiyo huteremka kiasi cha mita 600 hadi kwenye sakafu yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 260. Kuizunguka ipo milima mingine iliyozaliwa na moto: Oldeani upande wa Karatu, Makarot upande wa magharibi, na kwa upande wa kaskazini na mashariki Olmoti, Empakaai na Lolmalasin, ambao una zaidi ya mita 3,600 na huhesabiwa kuwa wa tatu kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro na Meru. Mbele zaidi, karibu na Ziwa Natron, umesimama Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu kwa lugha ya Kimaasai, wenye mita 2,962.

Nchi ya namna hii haipitiki kwa mazoea. Asubuhi kuna jua, adhuhuri kuna ukungu usiomwezesha mtu kuuona mkono wake. Udongo wa majivu ya volkano hushikika vizuri wakati wa kiangazi, lakini masika yakianza Machi huteleza kama sabuni, na makorongo hukata njia iliyokuwapo mwaka uliopita. Humo msituni wamo nyati na tembo, ambao nao wana njia zao.

Wapita njia wa kale

Ushahidi mkongwe sana wa nyayo za wazazi wa binadamu umepatikana katika eneo hili hili. Mwaka 1978 wataalamu waliokuwa wakiongozwa na Mary Leakey walifukua, huko Laetoli, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Hatuwezi kujua walikuwa wakienda wapi. Tunachojua ni kwamba toka mwanzo mtu wa nchi hii ametembea juu ya ardhi inayobadilika chini ya miguu yake.

Katika nyakati zilizo karibu nasi, Wadatoga ndio waliokuwa wakichunga ndani ya kasoko, hata Wamaasai walipowashinda na kuwaondoa katika karne ya 19. Makaburi ya wazee wa Kidatoga yangaliko humo, na watu wao huyaheshimu hadi leo. Wahadzabe, wawindaji wa pande za Ziwa Eyasi, husoma nyayo na matawi yaliyovunjika kama sisi tusomavyo gazeti. Wairaqw, wakulima hodari waliotoka katika vilima vya Mbulu na kuenea Karatu, waliyajua maji yateremkayo kutoka msituni na wakati wa kila mvua.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni wa wafugaji wa Kimaasai. Kabla ya kuhamisha ng'ombe, wao hutuma kwanza watu wachache wenye macho mazuri wakatazame majani, maji, magonjwa na hali ya njia. Wajumbe hao hurudi na kutoa habari mbele ya wazee, ambao huwahoji sana: umekiona kisima kwa macho yako, au umeambiwa? Mvua hiyo ilinyesha lini? Uamuzi hutolewa baada ya hapo. Vivyo hivyo, kuanzia Januari hadi Machi, nyumbu wanapozaa katika mbuga za chini, wafugaji huwapandisha ng'ombe wao milimani, kwa kuwa wanajua kwamba ndama wa nyumbu huambukiza ng'ombe homa kali ya kufisha. Wataalamu wa mifugo walikuja kuuthibitisha ukweli huo katika maabara. Wachungaji walikuwa wameujua kwa kuuishi.

Wageni na viongozi wao

Mwaka 1892 Oscar Baumann kutoka Austria alifika Ngorongoro na msafara wake. Vitabu vingi humtaja kuwa Mzungu wa kwanza kuiona kasoko, lakini havikai sana kuwataja wapagazi na kirangozi, yule mtangulizi wa msafara, ambao bila wao hakuna msafara ambao ungeweza kufika popote. Baumann aliwakuta Wamaasai katika njaa kuu, kwa sababu sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe wao.

Historia ya Kilimanjaro yatufunza jambo hilo hilo kwa uwazi zaidi. Mwaka 1887 Hans Meyer wa Ujerumani alijaribu kukipanda kilele cha Kibo, akazuiwa na barafu aliyokuwa hana zana za kuikabili. Aliporudi mwaka 1889, alijitayarisha kwa namna nyingine. Alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima mzoefu. Aliweka kambi za ngazi kwa ngazi. Na wapagazi walipandisha chakula mara kwa mara ili asilazimike kushuka kwa sababu ya njaa. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo wakafika kileleni. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu hukumbukwa kuwa ndiye aliyewaongoza katika mlima huo. Aliyeshindwa mara ya kwanza na aliyefaulu mara ya pili alikuwa mtu yule yule. Kilichobadilika ni matayarisho.

Habari ya njia huzeeka

Hapa yafaa tutoe tahadhari. Wengine hudhani kwamba akishajua njia mara moja, mtu ameijua daima. Ol Doinyo Lengai umekwisha kulikanusha wazo hilo. Kuanzia mwaka 1983 volkano hiyo ilikuwa ikitoa lava nyepesi yenye joto la nyuzi zipatazo 500 tu, ambalo ni kama nusu ya joto la lava ya kawaida, na wageni waliweza kutembea juu ya sakafu ya kasoko yake. Julai 2007 ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi; Septemba mlima ukalipuka kwa kishindo na kurusha majivu angani, na milipuko ikaendelea hadi mwaka 2008. Ile sakafu ikatoweka, mahali pake pakawa shimo refu lililozungukwa na kilima kipya. Mtu ambaye angefuata maelezo ya mwaka 2006 angekuwa anaelekea shimoni. Basi anayeuliza njia asitosheke na swali la njia iko wapi. Aulize pia aliyeipita mwisho aliipita lini.

Mambo ya kuzingatia

Shule nyingi hupeleka vijana milimani kwa masomo ya jiografia na historia. Mwalimu awaulize kwanza wenyeji wa kijiji kilicho chini ya mlima na askari wa hifadhi, ambao ndani ya eneo la Ngorongoro ni lazima mmoja wao afuatane na wapandao kwa miguu. Achague majira: miezi ya Juni hadi Oktoba huwa mikavu. Awafundishe wanafunzi kukokotoa baridi: joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 kila mita 1,000, hivyo kijana aliyetoka Karatu akafika juu ya Lolmalasin hukuta baridi iliyozidi kwa nyuzi 12 au 13. Shati la shule halitoshi. Maji yabebwe, maana ziwa la Empakaai ni la magadi. Kupita mita 2,500 mtu aweza kushikwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Akizidiwa, dawa ya kweli ni kushuka. Aidha, majina ya wote na saa ya kurudi yaachwe kijijini, na saa ya kugeuka iwekwe kabla ya kuondoka, kwani juu mlimani tamaa ya kilele huipofusha busara.

Hitimisho

Tangu mwaka 1959 Ngorongoro imekuwa eneo la hifadhi ambamo wafugaji na wanyama wa porini wanaishi pamoja. Tangu mwaka 2022 baadhi ya kaya zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na vijana wengi wa nyanda hizo wanatafuta maisha mijini. Mzee anapoondoka mlimani, huondoka na majina ya vijito, ya mabonde na ya mahali ambapo ukungu hukaa. Elimu hiyo haikuandikwa. Twawaomba walimu wa Karatu na Ngorongoro wawatume wanafunzi kwa wazee hao, wakiwa na daftari, wangali wakipatikana. Nasi twafunga maneno yetu kwa ubeti huu:

Mwenda juu mlimani, yampasa kujifunza,
Kwa walio kijijini, wajuao pa kuanza;
Ukungu uko bondeni, haraka itakuponza,
Kurudi kwetu nyumbani, ndiko ushindi wa kwanza.