Asumini: Ua Lililotufikia Mkono kwa Mkono

Asumini tunayoiona ni ya kwetu asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Ilivuka bahari kwa majahazi ya kaskazi, ikashika mizizi kwenye nyua za Unguja, Pemba na Lamu.

Ua hili ni la usiku. Weupe na harufu yake huwaita nondo gizani. Kwa hiyo bibi zetu walichuma matumba jioni kabla hayajafunguka, wakayatunga, au wakayafunga na rihani na kilua yakawa kikuba. Yakifunguka, biharusi yuko chumbani na mumewe. Hilo ndilo pambo la ndani.

Lakini asumini hii ni nadra kuzaa mbegu. Haikuletwa na ndege wala upepo. Kila mwasumini umetokana na kijiti alichokata mtu akampa mwenzake: mama kwa bintiye, jirani kwa jirani. Leo nyua zinapigwa saruji na kumbi zinapambwa kwa maua ya plastiki. Mti usio na mbegu ukikatwa, ukoo wake umekwisha.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha tusirudishe rihani tunapopewa. Basi biharusi, muombe bibi yako kijiti cha urefu wa shubiri. Toa majani ya chini, kichomeke kwenye kopo la udongo wenye unyevu, kiweke kivulini mpaka kichipue. Kisha kipande karibu na dirisha lako. Nawe ukiombwa, toa.