Sanamu ya Mwembe Tayari na watu waliopungua

Sanamu iliyoko Mwembe Tayari, katika Barabara ya Jomo Kenyatta mjini Mombasa, ni ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914-1918).

Sheria ya 1915 iliiruhusu serikali ya kikoloni kuwashurutisha watu kuwa wapagazi, na msako wa 1917 uliacha vijiji vingi bila wanaume. Zaidi ya wapagazi 40,000 wa Kenya walifariki, wengi kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Mafua ya 1918 na njaa vilizidisha msiba.

Jamii nyingi zilikaidi amri. Vijana walikimbilia misituni. Wagiriama walikuwa wamekwisha kushika silaha mwaka 1914, dai la wapagazi likiwa miongoni mwa sababu.

Vita vilipokwisha, mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia jamaa zao. Kwa kuwa vibarua walikuwa haba, mwaka 1919 serikali iliwaagiza maofisa wawahimize wenyeji kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, kisha wanaume wakalazimishwa kubeba kipande.

Sanamu ilisimamishwa katika miaka ya 1920, bila majina ya wapagazi. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi.