Chema Chajiuza, Lakini Chataka Mlinzi

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo tuupime usemi huo kwa chupa moja: mvinyo mwekundu wa Italia uitwao Brunello di Montalcino. Hata wewe usiyegusa kileo una fundisho lako humu.

Montalcino ni mji mdogo juu ya kilima, kusini mwa Siena, katika jimbo la Toscana. Zamani ulisifika kwa mvinyo mweupe mtamu. Mvinyo mwekundu wa Toscana ulikuwa wa kuchanganya: zabibu za Sangiovese pamoja na za aina nyingine, hata nyeupe, na mwingi ulinywewa ungali mchanga. Ferruccio Biondi Santi, aliyepata kupigana vitani chini ya Garibaldi, alikataa desturi hiyo. Akiendeleza kazi ya babu yake, Clemente Santi, aliteua mizabibu bora ya Sangiovese, akakamua zabibu zake peke yake, na mvinyo akauacha miaka kadhaa katika mapipa ya mwaloni. Mavuno ya mwaka 1888 ndiyo yaliyoweka jina.

Familia hiyo haikuwa na pupa. Kuanzia 1888 hadi 1945 ni mavuno ya miaka minne tu waliyoyaona yanastahili daraja lao la juu: 1888, 1891, 1925 na 1945. Je, ni mfanyabiashara gani leo mwenye subira hiyo?

Subira ikawa sheria. Mwaka 1966 serikali ya Italia iliulinda mvinyo huo kwa kanuni, na mwaka 1980 ukawa miongoni mwa mivinyo ya kwanza kupewa daraja la juu kabisa nchini humo. Kanuni ni kali: Sangiovese tupu, na chupa isiuzwe kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Zabibu zilizovunwa 2020 hazikuruhusiwa sokoni kwa jina la Brunello hadi Januari 2025.

Lakini penye asali hapakosi nyuki. Soko la Marekani lilipopanuka, wazalishaji wakaongezeka hadi kupita 200. Sangiovese ni zabibu yenye ukali na rangi isiyokolea, na wanywaji wengi wa ng'ambo walipenda mvinyo mweusi na laini. Mwaka 2008 waendesha mashtaka wa Siena walianza kuchunguza tuhuma kwamba baadhi ya wazalishaji walikuwa wakitia zabibu za aina nyingine. Mvinyo mwingi ulizuiwa, mwingine ukashushwa daraja, na Marekani ikadai uthibitisho kabla ya kuupokea.

Wapo walioshauri kanuni ilegezwe, aliyekosa asionekane amekosa. Oktoba mwaka huohuo wazalishaji walipiga kura. Wengi mno walisema hapana: ibaki Sangiovese tupu. Hawakuwa malaika, ndugu msikilizaji. Walijua kwamba mvinyo laini na mweusi unaweza kutengenezwa popote duniani, na mnunuzi akiukosa Montalcino atakwenda kuuchukua kwingine. Walichokuwa nacho wao peke yao ni jina.

Chema chajiuza, ni kweli. Ila jina lililojengwa kwa miaka 120 laweza kubomolewa kwa pipa moja la hila, na mlinzi wake wa kwanza si serikali. Ni yule anayekula kwa jina hilo.