Makanisa ya Kimbilio Ufukoni mwa Nyanza

Mgeni azuruye miji ya Ulaya huonyeshwa makanisa kwa urefu wa minara na wingi wa karne. Kanisa kuu la Köln, nchini Ujerumani, lilianza kujengwa mwaka 1248 likamalizika mwaka 1880. Mwaka huo wa 1880, kusini mwa Ziwa Viktoria Nyanza, Ukristo ulikuwa na makaburi machache na vibanda vya wapitao. Basi mwenye kuitafuta historia ya dini karibu na Mwanza kwa kipimo cha Köln atarudi mikono mitupu. Historia ya huku haikuandikwa katika mawe, bali katika safari za majini, na nyingi za safari hizo zilikuwa za kukimbia.

Mahali pa kuanzia ni Kagei, kijiji cha Ghuba ya Speke. Stanley alifika hapo mwaka 1875, na mwenzake Frederick Barker akafia papo hapo. Mwaka 1877 wakaja wamisionari wa Kianglikana wa CMS. Daktari John Smith akafariki Kagei mwaka ule ule. Na mwezi Desemba wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe katika ugomvi baina ya mtawala Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Mwishoni mwa 1878 wakafika Mapadri Weupe. Lakini wote walikuwa wakielekea Buganda. Kagei ilikuwa mlango tu, haikuwa nyumba.

Nyumba ilipatikana Buganda ilipowakataa. Mapadri walitoka huko mwishoni mwa 1882, wakavuka ziwa, na mwaka 1883 wakaanza misioni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza. Mwaka 1887 Alexander Mackay wa CMS naye akalazimika kuondoka. Akakaa Usambiro, akifasiri Maandiko kwa Kiganda, mpaka alipofariki Februari 1890.

Oktoba 1888 wamisionari wote walifukuzwa Buganda. Mapadri na Waanglikana, waliokuwa wakibishana miaka mingi mbele ya mfalme, wakajikuta katika mashua moja ya CMS, iliyoitwa Eleanor. Kiboko akaitoboa, na baadhi ya vijana waliofuatana nao wakafa maji. Waliosalia wakaiziba, wakasafiri pamoja hadi kusini. Ndipo wakaachana, hawa Bukumbi na hawa Usambiro.

Mashua ile haikuwapatanisha. Januari 1892 wafuasi wa madhehebu hayo mawili walipigana vita huko Mengo. Askofu Hirth, aliyewekwa wakfu Bukumbi mwaka 1890, akakimbilia magharibi ya ziwa, na mwaka huo huo misioni ya Kashozi ikaanzishwa karibu na Bukoba. Hata Kashozi, basi, ni mtoto wa kukimbia.

Leo wageni hupelekwa Kampala kuyatazama makanisa makuu ya Rubaga na Namirembe. Hata mifupa ya Mackay ilihamishwa kutoka Usambiro mwaka 1927 ikazikwa Namirembe. Ni haki yao kuheshimiwa. Lakini makanisa yale yasingalisimama kama ufuko wa kusini usingaliwahifadhi waliofukuzwa, na kama Wasukuma wasingaliwaachia ardhi na kuwauzia chakula. Majina ya Wasukuma wale hayakuchongwa juu ya jiwe lolote. Azuruye Bukumbi na asione mnara, na akumbuke kwamba deni halipimwi kwa urefu wa jengo.